Lango Moja la Taarifa za Tabianchi: Maoni Yetu kwa Mwalimu Mwanafunzi

Miongoni mwa mada zinazompa taabu mwalimu wa shule ya msingi siku hizi, mada ya tabianchi ina nafasi yake ya pekee. Ubao, chaki na kitabu cha kiada humtosha mwalimu anapofundisha sehemu za ua au namna ya kutafuta eneo la mstatili, kwa kuwa ua halibadiliki mwaka hata mwaka, na kanuni ya eneo ni ile ile. Lakini tabianchi ni wastani wa hali ya hewa ya mahali kwa muda mrefu, aghalabu miaka 30, na wastani huo hauwezi kujulikana ila kwa kumbukumbu zilizowekwa siku baada ya siku na watu ambao wengi wao hatutawajua kamwe. Mwalimu anayetaka kuifundisha mada hii kwa ukweli hana budi kuzifuata kumbukumbu hizo ziliko, na leo nyingi ziko katika tovuti za intaneti.

Hapo ndipo linapozuka swali tunalopenda kulijadili na wanachuo katika makala haya. Je, taarifa za tabianchi zinazotolewa kwa umma zikusanywe zote katika lango moja la intaneti, au ziachwe katika tovuti nyingi mbalimbali? Swali hili huonekana kuwa la mafundi wa kompyuta. Sisi twaona kuwa ni swali la mwalimu pia, na maoni yetu ni haya: lango la kuingilia liwe moja ikiwezekana, lakini kumbukumbu zenyewe ziwe na nakala katika mahali pengi, na kazi ya kuzieleza kwa watu wa kawaida isikatishwe kwa kisingizio cha kuunganisha.

Faida za lango moja

Wanaotetea lango moja wana hoja za nguvu, na si haki kuzipuuza. Tumtazame mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha, katika shule iliyo mbali na mji. Ana simu yake na kifurushi cha intaneti alichokinunua kwa fedha yake mwenyewe, na kesho ana somo la majira ya mvua. Katika Tanzania, utabiri wa majira hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), nao hugawanywa katika mvua za masika, za vuli na zile za msimu. Utabiri wa kanda nzima hutolewa na kituo cha ICPAC kilichoko Kenya, kinachohudumia nchi 11 za Afrika ya Mashariki na Pembe ya Afrika. Taarifa za dunia ziko katika Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ambalo makao yake ni Geneva, na katika idara za Marekani na za Ulaya zenye satelaiti. Kila moja ina anwani yake, mpangilio wake na istilahi zake. Kabla mwanachuo hajakipata alichokitafuta, kifurushi kimekwisha na usiku umekuwa mkubwa, na andalio la somo bado halijaandikwa.

Zaidi ya usumbufu huo iko hatari ya kukosea. Tovuti moja yaweza kuilinganisha mvua ya mwaka na wastani wa miaka ya 1981 hadi 2010, na nyingine ikailinganisha na wastani wa miaka ya 1991 hadi 2020. Zote mbili zasema kweli, lakini tarakimu zake hazilingani. Tovuti za Marekani mara nyingi huandika joto kwa nyuzi za Farenhaiti na mvua kwa inchi, hali vitabu vyetu vyatumia nyuzi za Selsiasi na milimita. Mwalimu asiye mwangalifu atavichanganya vipimo hivyo ubaoni, na watoto wataupokea upotofu kwa imani ile ile wanayoupokelea ukweli. Lango moja, lenye vipimo vya aina moja na maelezo ya namna moja, lingemwondolea mwalimu sehemu kubwa ya mzigo huo.

Wala jambo la kuunganisha si geni kwetu. Mpaka Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, idara moja ya hali ya hewa ilizihudumia Kenya, Uganda na Tanzania. Baada ya hapo kila nchi ilishika njia yake. Lakini mawingu hayasimami mpakani kungoja ruhusa, na baada ya ukame mkali wa miaka ya 1980, nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kusini zilianzisha vituo vya pamoja vya kufuatilia ukame mwaka 1989. Kile cha Nairobi ndicho kilichogeuka baadaye kuwa ICPAC. Mwanachuo na azingatie jambo moja hapa. Kuanzishwa kwa kituo cha pamoja hakukuzifanya nchi zifunge idara zake. Wataalamu wao hukutana mara tatu kwa mwaka, kila mmoja akiwa na takwimu za nchi yake, wakajadiliana mpaka wakaafikiana juu ya utabiri mmoja wa kanda. Huo ni muungano unaoongeza nguvu, kwa sababu kila aliyeunganishwa amebaki na chake.

Yaliyotokea Marekani

Si kila muungano uko hivyo. Mifano tunayotaka kuileta mbele ya wanachuo imetoka Marekani. Tumeichagua kwa kuwa nchi hiyo ina moja ya hazina kubwa kabisa za kumbukumbu za hali ya hewa duniani, na walimu wa nchi nyingi wamekuwa wakizitumia bila malipo.

Idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia bahari na angahewa, ijulikanayo kwa kifupisho cha NOAA, iliundwa mwaka 1970. Mwaka 2015 idara hiyo iliviunganisha vituo vyake vitatu vya kuhifadhi takwimu, yaani cha tabianchi, cha bahari na cha jiofizikia, vikawa kituo kimoja kiitwacho NCEI, ambacho makao yake makuu yaliwekwa katika mji wa Asheville, jimbo la North Carolina. Mwezi wa Septemba 2024 kimbunga Helene kilishusha mvua kubwa juu ya milima ya jimbo hilo. Mito ilifurika, na mji wa Asheville ukakosa umeme na maji. Kumbukumbu zenyewe zilisalimika, hata zile za karatasi na za filamu. Lakini huduma za kituo katika intaneti zilisimama kwa muda, na waliozoea kuzitumia, karibu na mbali, hawakuzipata. Hapo hapakuwa na mtu mwenye nia mbaya. Mvua ndiyo iliyozifungia njia kumbukumbu za mvua.

Mfano wa pili unahusu uamuzi wa binadamu. NOAA ilikuwa na tovuti iitwayo Climate.gov, iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya watu wasio wanasayansi. Humo mlikuwa na ramani, maelezo ya El Niño kwa lugha nyepesi, na sehemu ya walimu yenye masomo na vielelezo vilivyokuwa vimekaguliwa kwanza na wanasayansi pamoja na walimu wenzao. Mwezi wa Mei 2025 watu waliokuwa wakiiandikia na kuihariri tovuti hiyo walikatishiwa kazi. Mwezi uliofuata, aliyeufungua ukurasa wake wa mbele alijikuta anapelekwa kwenye sehemu ya tabianchi katika tovuti kuu ya NOAA, huku akiarifiwa kwamba kazi zilizokuwa zikitolewa kule zitapatikana hapa. Kwa maneno, huo ulikuwa muungano wa kawaida: idara moja haikuona haja ya kuwa na tovuti mbili. Tena hatusemi kwamba kurasa zote za zamani zilifutwa siku ile, kwa maana nyingi za ndani ziliendelea kusomeka. Lakini wale waliozieleza kurasa hizo, wakazisahihisha na kuwajibu wasomaji, hawakuhamishwa pamoja nazo.

Mwisho wa mwezi wa Juni mwaka huo huo, tovuti nyingine ya serikali, globalchange.gov, ilitoweka katika intaneti. Humo zilikuwamo tathmini za taifa za tabianchi, ambazo sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inaagiza zitolewe kila baada ya muda usiozidi miaka minne. Ya kwanza ilitoka mwaka 2000 na ya tano mwaka 2023. Kwanza ilisemwa kwamba zingewekwa katika tovuti ya NASA, idara ya safari za anga za juu. Mwezi wa Julai idara hiyo ikatangaza kwamba haitaziweka. Tathmini hizo hazikupotea kabisa, kwa sababu moja tu: nakala zake zilikuwapo mahali pengine, katika maktaba ya NOAA yenyewe, na kwa watu na taasisi waliokuwa wamechukua hadhari mapema. Nao baadhi ya waliokuwa watumishi wa Climate.gov walianzisha tovuti isiyo ya serikali, Climate.us, ili kazi yao isikatike.

Hatukusudii kuingia katika siasa za Marekani, ambazo wenyewe wanazijua zaidi. Tunalotaka mwanachuo alione ni kwamba mambo mawili yaliyo tofauti yaweza kuitwa kwa jina moja. Kuna kuunganisha kwa maana ya kumrahisishia mtumiaji njia, na kuna kupunguza ambako huvishwa nguo ya kuunganisha. Anayetazama kutoka nje, siku ya kwanza, hawezi kuyatofautisha. Yote mawili huanza kwa tangazo lile lile kwamba mambo sasa yatapatikana mahali pamoja.

Wapimaji wawili, madaftari mawili

Mfano wa tatu ni wa kutia moyo. Mwaka 1958 mwanasayansi Charles David Keeling alianza kupima kiasi cha kaboni dayoksaidi katika hewa ya mlima Mauna Loa, huko Hawaii. Wakati huo kulikuwa na sehemu 315 hivi katika kila sehemu milioni moja za hewa. Mwaka 2024 wastani ulikuwa umepita 420. Tangu miaka ya 1970 NOAA nayo imekuwa ikipima kwa mitambo yake pale pale mlimani, hali taasisi ya Scripps, alikofanyia kazi Keeling, iliendelea na vipimo vyake. Mtu wa mambo ya fedha angeweza kuuliza kwa nini kazi moja ifanywe na watu wawili. Jibu ni kwamba wa pili humsahihisha wa kwanza, na tarakimu wanazokubaliana wote wawili haziwezi kutiliwa shaka kwa urahisi. Mwezi wa Novemba 2022 volkano ya Mauna Loa ililipuka, na lava ikakata barabara na umeme wa kituo. Vipimo vilihamishiwa kwa muda katika mlima wa jirani, Maunakea, na baada ya muda si mrefu kumbukumbu ikaendelea kuandikwa.

Kazi ambayo kwa jicho la haraka ni marudio, kwa jicho la mtafiti ni kinga. Mwalimu anaielewa vizuri kanuni hii, kwa kuwa yeye mwenyewe huziandika alama za mitihani katika daftari lake hata baada ya kuzipeleka ofisini kwa mwalimu mkuu.

Jaribio la kufanya darasani

Ili jambo hili lisibaki maneno matupu, tunapendekeza wanachuo walijaribu na watoto wa Darasa la Nne au la Tano. Darasa ligawanywe katika vikundi vinne. Kila kikundi kitengeneze kipimamvua kwa kopo lenye kitako bapa na kuta zilizonyooka, kisha kikisimamishe mahali pa wazi, mbali na miti na michirizi ya paa. Kila siku saa tatu asubuhi kina cha maji kipimwe kwa rula, kwa milimita, kisha kopo limwagwe na kurudishwa mahali pake. Hapa mwalimu apate nafasi ya kufundisha hesabu: mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya eneo la mita moja ya mraba ni sawa na lita moja ya maji. Watoto wakipima paa la darasa lao kwa hatua, waweza kukisia ni maji kiasi gani yaliyopotea kwa kukosa tangi.

Kila kikundi kiandike vipimo katika daftari lake. Mwezi ukiisha, vikundi vyote vihamishie tarakimu zao katika chati moja kubwa ya ukutani. Hilo ndilo lango moja. Watoto wataifurahia chati, na watakuwa na haki, kwa kuwa katika chati waweza kuona kwa mara moja ni juma lipi lilikuwa kavu na siku ipi ilinyesha kuliko zote. Lakini ni karibu lazima itokee siku moja ambapo vikundi vitatu vimeandika milimita 12 na kikundi cha nne kimeandika 21. Mwalimu asiirekebishe. Aulize: ni nani aliyekosea, naye alikosea katika kupima au katika kunakili? Watoto watakimbilia madaftari yao ya vikundi. Wakikuta kwamba katika daftari imeandikwa 12, watajua kuwa kosa lilitokea wakati wa kunakili. Wakikuta 21, watajua kuwa kosa, kama lipo, lilianzia kwenye kopo.

Ndipo mwalimu aulize swali la mwisho: kama tungaliyachana madaftari ya vikundi jana, kwa kuwa sasa tuna chati nzuri, tungalijuaje? Tunaamini kwamba mtoto aliyelijibu swali hili kwa mikono yake mwenyewe ameelewa jambo ambalo watu wazima wenye vyeo wamelisahau. Chati ya pamoja haiondoi haja ya madaftari. Chati hupata heshima yake kutokana na madaftari.

Mashauri yetu

Kwa wanaopanga malango ya taarifa, katika nchi yoyote, tunadhani mwalimu ana haki ya kuuliza maswali manne. Je, vyote vilivyokuwa katika tovuti za zamani vimehamishwa, au baadhi tu? Je, anayefuata anwani ya zamani hupelekwa kwenye ukurasa ule ule alioutaka, au huachwa mlangoni ajitafutie? Je, watu waliokuwa wakizieleza takwimu kwa lugha ya wananchi bado wapo kazini? Na je, nakala kamili zimewekwa mahali pengine, chini ya mikono mingine? Lango linaloweza kujibu ndiyo kwa maswali yote manne tutalipokea kwa shukrani. Lisiloweza, hata likiwa zuri la kupendeza macho, limempunguzia mwalimu zana zake.

Kwa upande wa lugha, tunaongeza jambo moja. Kwa walimu wetu, taarifa iliyoandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu peke yake ni nusu ya taarifa. Kuunganisha tovuti kumi za namna hiyo hakutamsaidia mtoto wa shule ya msingi mpaka atokee mtu wa kuzieleza kwa Kiswahili sanifu chenye kueleweka. Mtu huyo, kwa sehemu kubwa, ni mwalimu.

Kwa wanachuo wenyewe tunashauri yafuatayo. Unapopata ramani, grafu au jedwali la kufundishia, usiandike anwani tu katika andalio la somo. Chora jedwali lenyewe katika daftari, taja limetoka wapi na tarehe uliyolichukua, na andika wastani uliotumika ni wa miaka ipi. Utabiri wa masika au wa vuli ukitolewa, nakili sehemu inayohusu mkoa wako na kuibandika ukutani, ili majira yakiisha watoto wailinganishe na mvua waliyoipima wenyewe. Kwa kufanya hivyo watajifunza kwamba utabiri ni makisio yenye misingi, si uaguzi, na kwamba hupimwa kwa kumbukumbu.

Zaidi ya yote, shule iwe na daftari lake la mvua. Daftari hilo lisiwe mali ya mwalimu, kwa maana mwalimu huhamishwa. Liwe mali ya shule, likabidhiwe kwa maandishi, na kila mwisho wa mwaka linakiliwe mara mbili, nakala moja ikae shuleni na nyingine ofisi ya kata. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mvua ni mali, na mkulima aliyeipoteza kwa kutojua majira yake anaifahamu thamani hiyo kuliko sisi.

Tumesema mwanzoni kwamba wastani wa tabianchi huhitaji miaka 30. Muda huo humtisha kijana anayetoka chuoni. Lakini na ahesabu. Mwalimu anayeanza kazi akiwa na umri wa miaka 22, akastaafu akiwa na miaka 60, atakuwa amekaa kazini miaka 38. Kama katika kila shule atakayofundisha ataacha daftari linaloandikwa kila asubuhi, siku atakapostaafu baadhi ya shule hizo zitakuwa na wastani wao wenyewe wa tabianchi, uliopimwa na watoto wa kijiji katika ardhi ya kijiji. Malango ya intaneti yatakuwa yamefunguliwa na kufungwa mara nyingi katika muda huo. Mtoto wa shule ile atakayeuliza kama mvua za vuli zimebadilika tangu zama za babu yake, atapata jibu katika kabati la shule.